Fimbo za Saa Sita Mchana

Mwezi wa nne, tarehe 14

Asubuhi mama kuhani amepita kijijini akiwa amevaa joho lake jeupe, na nyuma yake wazee wawili wametembea kwa ncha za vidole kama wezi wa kuku. Basi tumefunga. Kuanzia leo hadi mpunga uvunwe hakuna ngoma, hakuna kukata mti, hakuna kugonganisha fimbo. Mpunga umechanua, na mpunga ni mwoga kuliko mtoto mchanga. Ukisikia kishindo unabaki makapi matupu.

Hata mtambo wangu wa kufumia nimeufunika kwa mkeka, maana nao hugonga. Nyuzi za mgomba zimelala kwenye kikapu zinanitazama. Ndiyo maana naandika. Mikono yangu haijui kukaa bure, na karatasi haipigi kelele.

Mama mkwe ameniona na kalamu akaguna. Kwake yeye mwanamke anayejua kuandika ni sawa na nguruwe anayejua kupanda ngazi.

Mwezi wa nne, tarehe 17

Mvua.

Mwezi wa nne, tarehe 18

Mvua. Ukungu umeota hadi kwenye viatu vya mume wangu Sanra.

Mwezi wa nne, tarehe 22

Mvua imepumzika, tukaenda kisimani kufua. Kwa kuwa kupiga nguo juu ya jiwe ni marufuku, tulizikanyaga kwa miguu, na kazi ya miguu huacha midomo huru. Makato, jirani yetu, akaanzisha ubishi wa kila mwaka kuhusu asili ya fimbo.

"Wakulima walinyang'anywa panga," alisema. "Wakachukua walichokuwa nacho. Mundu wa kukatia miwa. Mpini wa jiwe la kusagia. Na fimbo ni mzegazega tu, ule wa kubebea ndoo za maji."

"Nani kakwambia?" bibi mmoja akamkata. "Babu yangu alikuwa askari wa mfalme kule Shuri. Kile chuma chenye meno matatu alikamatia wezi, wala hakulimia viazi. Na fimbo walifundishwa watoto wa mabwana. Mkulima angepata wapi nafasi ya kurukaruka?"

Hapo ndipo Gibo Machu alipopita na mzigo wake wa majani ya ng'ombe. Akasimama kidogo, akasema: "Kama fimbo imetokana na kubeba maji, basi mke wangu angekuwa bingwa wa kisiwa kizima, na mimi ningekuwa nimeshazikwa."

Wanawake wote wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikanyaga joho la Sanra hadi maji yakaruka.

Niandike sababu, maana karatasi haijui. Mwaka jana, siku ya sikukuu ya mavuno, fimbo ya Machu ilimpasua kichwa Gira, kaka wa mume wangu, mbele ya kijiji kizima. Walikuwa wanacheza fimbo ya watu wawili, ile ambayo nyumba yetu ya Yabiku na nyumba ya Gibo huicheza mbele ya miungu tangu zamani. Wazee walisema Gira alikosea. Mama mkwe anasema Machu ndiye aliyekosea, na mimi namwamini mama mkwe. Kwa hiyo mwaka mzima simsalimii Machu. Yeye huinamisha kichwa kila tukikutana, nami hutazama ndege.

Mwezi wa nne, tarehe 27

Sanra ameweka bakuli la supu chini akasema, kana kwamba anazungumzia viazi: "Mwaka huu nitasimama mahali pa kaka."

Mama mkwe alifunga macho. Mwanamke huyu hakulia hata siku ya kumzika Gira, lakini leo machozi yalimdondoka kwenye tofu.

Mimi nilisema, "Utasimamaje? Mwisho huujui."

Ni kweli, haujui. Fimbo hiyo ina mwanzo ambao kila kijana wa hapa anaujua, lakini mwisho wake ni siri ya nyumba mbili tu. Kila nyumba inajua nusu yake, na nusu hiyo hufundishwa uso kwa uso, mwalimu akiwa amesimama mbele ya mwanafunzi na kumpiga kweli. Mapigo hayapunguzwi hata kidogo, kwa sababu pigo la nusu mbele ya miungu ya mpunga ni tusi. Baba mkwe alikufa miaka mitatu nyuma. Gira alikuwa amfundishe Sanra mwaka huu.

"Nitaujua," alisema Sanra.

"Kwa nani?"

"Wewe Nabi, maswali yako yangekuwa mawe tungeshajenga ukuta." Akacheka, akanivuta sikio, akatoka. Mume wangu ana kicheko kizuri. Niliolewa kwa sababu ya kicheko hicho, na sioni haya kukiri.

Mwezi wa tano, tarehe 2

Nimesikia fimbo.

Ilikuwa saa sita mchana, jua limejitokeza baina ya mvua mbili, watu wote wamelala ndani kwa ajili ya joto. Nilikuwa ukumbini nachambua nyuzi. Nyenze walikuwa wanapiga kelele kama kawaida yao, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja. Halafu ikaja: ta, ta-ta, ta. Mti juu ya mti, ng'ambo ya bonde.

Nilimwangalia mama mkwe. Alikuwa amekaa karibu na nguzo, anamenya viazi. Kisu chake kilikuwa kimesimama.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Mtu anapiga fimbo. Watamtoza mbuzi."

"Mianzi hiyo," alisema, akaendelea kumenya. Leo hapakuwa na upepo wa kugonganisha mianzi.

Mwezi wa tano, tarehe 3

Tena. Saa ile ile. Makato anasema ni kigogota. Kigogota gani anayejibiwa?

Mwezi wa tano, tarehe 6

Mvua kubwa, na bado nilisikia. Sanra alirudi ameloa. Alisema alikwenda kukata majani, lakini mundu ulikuwa umetundikwa mahali pake ukutani, mkavu.

Mwezi wa tano, tarehe 9

Nimemuuliza. Akasema, "Nakwenda kufagia kaburi." Mume gani wa umri wake anayependa kufagia?

Mwezi wa tano, tarehe 12

Nimemfuata, na nitaandika yote.

Kaburi letu liko ng'ambo ya bonde, mgongo wake mviringo kama wa kasa, na mbele yake pana uwanja mdogo wa mchanga uliozungushiwa ukuta wa mawe. Nilijificha nyuma ya kichaka cha mikindu pori. Niliogopa nyoka kwanza, nikasahau nyoka baadaye.

Sanra alikuwa peke yake uwanjani, ameuelekea mlango wa kaburi uliozibwa kwa jiwe. Alikuwa na fimbo ya Gira, ile ya mti mgumu tunaouita kuba, nyeusi kwa jasho la mikono. Aliinamisha kichwa, akasubiri kama mtu anayemsubiri mwenzake ainue kichwa chake, halafu akapiga.

Fimbo yake ilisimama hewani. Haikusimama kama mtu anapoizuia kwa misuli, maana hayo nimeyaona maisha yangu yote. Iligonga kitu na kutoa sauti, ta, ikaruka nyuma, na mikono yake ikatetemeka kama ilivyo kwa mtu aliyepokewa pigo lake. Mbele yake hapakuwa na kitu ila mchanga. Akazuia juu, ta. Akazuia chini, ta-ta. Alikuwa anarudi nyuma hatua kwa hatua mbele ya mtu nisiyemwona, huku anacheka kile kicheko chake kizuri. Aliwahi hata kusema, "Polepole bwana, unataka kunivunja vidole?"

Nikatazama mchangani. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeulainisha, na miguu ya Sanra iliacha alama kote. Mbele yake mchanga ulikuwa laini kabisa, kama nguo mpya.

Alipomaliza aliinama tena, akakaa kwenye kizingiti cha kaburi, akapiga soga. Anasema neno, anasubiri, anajibu. Nilitambaa kurudi nyumbani kwa magoti, na magoti yangu sasa yamechubuka yote mawili.

Mwezi wa tano, tarehe 13

Asubuhi Sanra amevaa joho lake upande wa kulia juu ya wa kushoto. Hivyo ndivyo tunavyowavika maiti. Nilimfunga upya haraka kabla ya mtu kuona.

"Kwani nimekosea nini?" aliuliza. Alikuwa ananiuliza kweli.

Anakula kwa mkono wa kushoto. Anashika fimbo mkono wa kushoto mbele, na hakuna mtu kisiwani anayeshika hivyo.

Hata mtoto mdogo anajua kwamba wafu hufanya kila kitu kinyume. Ndiyo maana tunawavika kinyume na kuwamiminia maji kinyume, ili wajisikie nyumbani. Mtu akisimama uso kwa uso na aliye hai, kila mmoja hubaki na mkono wake. Akisimama uso kwa uso na mfu, siku baada ya siku, mikono yake ndiyo inayogeuka.

Nilikwenda kwa mama mkwe, nikamwambia yote. Alinisikiliza bila kuacha kuchochea moto.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Baba yao alikufa hajamaliza kumfundisha Gira. Gira naye alikwenda kule, mwaka jana, majira haya haya. Nilikaa hapa hapa nikasikiliza." Akatabasamu, na uso wake ukawa wa kijana. "Nilisikia jinsi mzee wangu anavyopiga, mwanangu. Pigo lake lilikuwa na uzito wake. Ningelijua popote. Na sasa nawasikia watoto wangu wawili pamoja. Nyumba gani nyingine ina bahati hiyo?"

"Mama, wamemgeuza mikono."

"Basi amejifunza vizuri," alisema, akanipa kikapu nikamwage maganda kwa nguruwe.

Nilimwamini mwanamke huyu mwaka mzima. Leo nimemwogopa.

Mwezi wa tano, tarehe 21

Mvua zimekwisha. Jua linachoma vigae. Sikio langu linasubiri saa sita hata nikiwa nimelala.

Mwezi wa tano, tarehe 25

Leo nimefanya jaribio. Nilimwambia, "Sanra, hebu inua mkono wako wa kulia."

Akainua wa kushoto.

"Huo ni wa kushoto."

"Wewe umesimama mbele yangu ndiyo maana unaona hivyo," akajibu akicheka. Nikaenda nyuma yake, nikamshika bega la kulia, nikasema, "Huu hapa." Bega lilikuwa baridi kama mtungi. Akageuka akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyechanganyikiwa na homa.

"Nabi, umechoka. Pumzika kidogo."

Nilikwenda nyuma ya zizi la nguruwe nikalia. Nampenda mtu huyu na sijui ni kiasi gani chake kimebaki humu nyumbani.

Mwezi wa sita, tarehe 1

Sasa ninaelewa namna Gira alivyokufa, na ningefurahi zaidi kama nisingeelewa.

Mwisho wa ile fimbo, mtu wa Gibo hushusha pigo kwenye kipaji cha uso cha mtu wa Yabiku, upande wa kushoto, naye hulizuia. Nakumbuka mwaka jana. Gira hakuchelewa, wala hakuteleza kama wanavyosema. Aliinua fimbo vizuri kabisa, kwa nguvu zake zote, upande wa kulia. Alizuia pigo ambalo halikuwepo, na lile lililokuwepo likampata.

Sanra anakwenda kufanya vile vile. Sikukuu ni tarehe ishirini na tano.

Mwezi wa sita, tarehe 4

Nimekwenda kwa Machu.

Nilimkuta kwenye mfereji wa shamba lake, matope hadi magotini. Aliponiona aliinamisha kichwa kama kawaida, tayari nimpite. Nikasema, "Kaka Machu, habari za kazi?"

Aliangusha jembe majini. Tulilitafuta pamoja kwa muda, na hilo lilisaidia, kwa sababu ni vigumu kuwa na kiburi mkiwa mnapapasa matope.

Nikamweleza. Hakunicheka. Nilipofika kwenye mikono akakaa ukingoni na uso wake ukabadilika.

"Iligeuka," alisema. "Mikono ya Gira. Niliiona wakati fimbo yangu imeshaanza kushuka. Ilikuwa kama kumtazama mtu kwenye maji ya shamba. Sikuweza kuirudisha. Mwaka mzima nimewaambia watu kwamba aligeuka, wananiambia ninamsingizia maiti. Mke wangu mwenyewe ananiambia ninyamaze." Akafuta pua kwa kiganja, akajipaka matope usoni. "Asante kwa kuja, mke wa Sanra. Hata kama umekuja kunipa habari mbaya."

Nilimwomba ajitoe. Akasema wakimweka mwingine wa nyumba yake, huyo mwingine atapiga kama alivyofundishwa, na tutazika tena.

"Basi niwaambie wazee. Wamfungie Sanra."

"Fikiri kwanza," alisema Machu. "Sasa hivi anakwenda kule, halafu anarudi. Anarudi kwa sababu gani?"

Akasuuza jembe lake majini.

"Kwa sababu anayo sikukuu ya kuja kuicheza. Mkimwondolea hiyo, atarudi kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili yangu," nikasema. Machu alitazama kwingine, kwa adabu. Nilitamani kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja.

Mwishowe akasema, "Yeye atazuia kulia. Basi mimi nitapiga kulia."

"Watu wataona umekosea."

"Wataona."

Tulijua wote wawili maana yake. Anayekosea upande mbele ya miungu huondolewa uwanjani, yeye na wanawe na wajukuu wake. Machu ana wana watatu, na mdogo hulala amekumbatia fimbo. "Itabidi wajifunze kubeba maji," alisema, akajaribu kucheka. Safari hii nilicheka naye, ili asicheke peke yake.

Mwezi wa sita, tarehe 5 hadi 15

Kuvuna. Mgongo wangu umekuwa wa kasa kama kaburi. Mpunga ni mzito mwaka huu, na kila mtu anasifu jinsi tulivyoushika mwiko. Hakuna anayezitaja fimbo za saa sita, ingawa nimewaona wavunaji wakisimama na mundu mkononi, wakisikiliza, halafu wakiinama haraka bila kutazamana. Wanasikia. Wote wanasikia.

Mwezi wa sita, tarehe 19

Mwiko umeondolewa. Ngoma zimeanza tena, na mtambo wangu pia. Saa sita ninafuma kwa nguvu ili nisisikie.

Mwezi wa sita, tarehe 22

Sanra amelala mchana kwa mara ya kwanza tangu mvua. Nilimwekea sikio kifuani. Moyo wake unapiga upande wa kulia.

Sitaandika zaidi leo.

Mwezi wa sita, tarehe 25

Sikukuu. Sasa imekwisha.

Walitangulia vijana wa miundu miwili miwili, kisha mzee mmoja na vyuma vyake vya meno matatu, akazungusha kimoja kikamponyoka kikamtia hofu mbwa, watu wakaangua vicheko. Pombe ya mchele ilizunguka. Mama mkwe alikuwa amekaa mbele kabisa, amevaa joho lake la harusi.

Kisha baragumu likalia na wawili hao wakaingia. Sanra alikuwa mzuri wa kutisha. Alishika fimbo mkono wa kushoto mbele, na nikasikia watu wakinong'onezana. Machu alikuwa amekunjamana kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Wakaanza. Kwa sehemu ile ya mwanzo ambayo kila mtu anaijua, Machu alikuwa anahangaika, anapokea mapigo kutoka pande zisizo zake, jasho linamtoka. Vidole vyake viwili vilivunjika hapo, lakini hilo nimelijua baadaye.

Ukafika mwisho. Machu akainua fimbo. Nilimwona akinitafuta kwa macho kati ya wanawake, akanipata, halafu akashusha pigo zima, bila kulipunguza hata unywele, upande wa kulia.

Ta!

Fimbo ya Sanra ilikuwa pale. Fimbo zote mbili ziliruka, na mume wangu alikuwa amesimama, kichwa chake kizima, nywele zake hazijaguswa. Nilianguka kwa magoti yale yale niliyoyachubua.

Kelele zikaanza. "Amekosea!" "Gibo kakosea upande!" "Mwaka jana aliua, mwaka huu kakosea!" Mtu alitupa ganda la tikiti. Mama kuhani alisimama. Machu alitazama chini tu. Nikajiandaa kupaza sauti na kusema yote, iwe liwalo. Lakini Sanra alitangulia. Alimnyooshea Machu fimbo, akawaambia watu kwa dharau, kwa sauti iliyosikika uwanja mzima:

"Hamna haya? Kakosea wapi? Kaka yangu Gira amenipiga pigo hilo hilo, upande huo huo, kila siku saa sita mchana tangu mvua zianze, na hajakosea upande hata mara moja."

Ganda la tikiti lilikuwa bado linazunguka chini. Sanra aliwatazama watu, akitabasamu, akisubiri wakubaliane naye. Akamtazama mtu mmoja, na mwingine. Kila aliyetazamwa alirudi nyuma. Akatazama mikono yake. Akatazama ya Machu.

"Nabi," aliniita. "Upi ndio wa kulia?"

Niliivuka kamba ambayo mwanamke haruhusiwi kuivuka. Hakuna aliyenizuia. Nilimshika mkono wa kulia nikauinua juu mbele ya watu wote, na nikauona uso wake unajua. Kicheko kilimtoka usoni, na nyuma yake palikuwa na mtu aliyechoka sana na mwenye hofu kubwa.

Mama kuhani alimwendea Machu, akafunika vidole vyake vilivyovunjika kwa kitambaa chake mwenyewe. Alisema hakuna atakayeondolewa uwanjani. Mama mkwe peke yake ndiye aliyebaki amekaa, analia kwa sauti, na alikuwa ananililia mimi. "Umenitenganishia watoto," alisema. "Umenitenganishia watoto."

Mwezi wa sita, tarehe 26

Wazee walikuja asubuhi wakaichukua fimbo ya Gira na kuiingiza kaburini pamoja naye, wakaziba jiwe kwa chokaa mpya. Sanra hakwenda. Nimemvika mwenyewe, kushoto juu ya kulia. Amekula viazi kwa mkono wa kulia, akadondosha vingi, kama mtoto.

Alichosema Machu kule mferejini hakijanitoka kichwani. Sikukuu imekwisha. Hana tena cha kumrudisha.

Saa sita nyenze wamenyamaza. Tulikuwa ukumbini, mimi na yeye, na mama mkwe karibu na nguzo yake. Nilikuwa nimemshika Sanra mkono tangu kabla.

Likaja pigo moja, ng'ambo ya bonde. Ta. Kisha kimya, kirefu kama anachokiacha mwalimu ili mwanafunzi ajibu. Kisha pigo lile lile tena, na kimya kile kile.

"Ananisubiri," alisema Sanra.

"Namsikia."

"Nabi, si vizuri kumwacha mtu anapiga peke yake."

Mama mkwe aliinua kichwa akamtazama mwanawe, na macho yake yakasema nenda. Sanra akasimama. Ana nguvu kuliko mimi mara mbili, na alinivuta hadi ukingoni mwa ukumbi, hadi mguu wake mmoja ukagusa ua. Sikumwomba, wala sikulia. Niliukumbatia ule mkono kwa mikono yangu miwili na kuubana kifuani. Pigo lilikuja tena likaondoka, likaja likaondoka, hadi kivuli cha paa kikahama kutoka kwenye ngazi, na nyenze mmoja akaanza, na mwingine, na wote.

Sanra akakaa chini kwenye ngazi. Vidole vyake vya kulia, vilivyokuwa vimelegea mikononi mwangu muda wote, vikafumba taratibu, vikanishika.

Kesho ina saa sita yake. Ninaandika haya kwa mkono mmoja.